Mizinga ya Kimeu Iko Kwangu

Jumamosi, 5 Oktoba

Wageni wa leo walikuwa wafanyakazi wa ofisi fulani ya Nairobi, viatu vipya, chupa za maji kubwa kama beseni za kuogeshea mtoto. Nzilani, binti yangu, ndiye anayewakusanya kwa simu kutoka Syokimau. Mimi ndiye miguu. Niliwapandisha msituni Ndiuni kupitia kwenye miti ya saiprasi, tukaingia sehemu ya miti ya asili, tukafika kwenye jiwe la juu. Hapo wakatoa simu wote, wakageuka huku na huku. Migunga mitatu imesimama mbele ya jiwe na imefunika mji mzima wa Machakos.

"Sasa view iko wapi?" akaniuliza mmoja. Nikamwonyesha upenyo kati ya matawi. Akaona paa moja la mabati.

Kwenye migunga hiyo ndiko ilikotundikwa mizinga ya shemeji Kimeu, kaka wa marehemu mume wangu. Kila mgunga na mzinga wake. Sasa hivi ni mitupu, kwa sababu kiangazi kikikaza nyuki huhama, na mvua ikinyesha migunga ikachanua hurudi. Kimeu ameshaipaka nta kwa ndani ili wanuse na kujua ni kwao. Juzi, alipokuwa anaondoka kwenda Mwala kulima shamba la dada yao kabla ya mvua, aliniambia, "Mama Nzilani, utupie macho hiyo mizinga yangu." Nikamjibu aende salama, mizinga haina miguu.

Jumanne, 8 Oktoba

Mkutano wa chama cha msitu. Mimi ni katibu, kwa hiyo huwa nasema machache na kuandika mengi. Leo nilisema neno moja zaidi ya nililopaswa.

Mwenyekiti wetu, Bwana Wathome, alianza kwa kukumbusha mapatano: chini kwenye saiprasi ni mbao, katikati ni njia ya wageni na kina mama wa kuni, juu kwenye miti ya asili hapaguswi, ni pa ndege na nyuki na chemchemi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimamia mapatano hayo miaka ile. Kisha akasema Zubair, mwenye kiwanda cha kupasua mbao mjini, anakuja wiki ijayo kuvuna saiprasi iliyokomaa, na kwa kuwa msumeno utakuwa tayari uko mlimani, mbona tusitoe ile migunga mitatu ya kwenye jiwe? Miti mitatu tu. Wageni wataongezeka.

Mzee mmoja akauliza, "Na hapo si kuna mizinga ya Kimeu?"

Wote wakanitazama mimi. Baba yangu alikuwa mrina asali, kila mtu anajua, na Kimeu ni shemeji yangu. Ningeweza kusema, tumngoje mwenyewe arudi. Nilimfikiria Nzilani na vikundi vyake vinavyotaka picha. Nikasema, "Mizinga ni mitupu."

Ilikuwa kweli. Hakuna nyuki hata mmoja mle. Mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, Wathome akaniambia niandike kwamba imepita, nikaandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Joto. Nimefua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Sikukuu ya Mazingira. Watu wa mjini walikuja na basi kupanda miche kando ya njia. Tulipiga picha na kila mche. Mchana walipoondoka, Wathome alinipa kopo la rangi nyekundu na brashi, akasema mimi ndiye ninayeijua migunga yenyewe. Nilipaka alama kwenye kila mmoja. Rangi iliyobaki niliipaka kwenye mlango wa choo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Watu wa Zubair wameanza kukata kule chini. Fundi wa msumeno ni Musili, anayekaa hapo chini ya kwangu. Mkewe Mwelu tuko naye jumuiya moja ya kanisa. Mumewe ni mtu wa kimya, na msumeno wake unaongea kwa niaba yake.

Bado sijampigia Kimeu. Nitampigia kesho.

Alhamisi, 17 Oktoba

Zubair alinipigia simu akiwa kwenye jiwe.

"Bi Kavutha, hii migunga yenye rangi ina mizinga. Ya nani?"

"Ya shemeji yangu. Ni mitupu."

"Mitupu sawa, lakini ana habari mwenyewe?"

Nikasema ana habari. Sijui nilikuwa natazama wapi nilipokuwa nasema hivyo. Akasema, basi vijana wake wataishusha kwa kamba polepole na kuiacha hapo chini ya jiwe, mwenyewe aje achukue. Mtu makini sana, Zubair. Laiti asingekuwa makini hivyo, ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Jioni nilisikia migunga ikianguka. Saiprasi huanguka kwa mlio mmoja. Migunga ilichukua muda, ikishikwa na matawi ya wenzake.

Jumapili, 20 Oktoba

Sikuenda misa. Nilisema nina wageni. Wakati watu wote wako kanisani nilipanda na punda wangu hadi kwenye jiwe, nikaifunga mizinga mgongoni mwake, nikaileta nyumbani na kuiweka stoo nyuma ya magunia ya mahindi. Nilitaka isinyeshewe, isichukuliwe na mtu. Kimeu akirudi nitamkalisha, nimpe chai, nimweleze pole pole. Hiyo ndiyo ilikuwa nia. Ila mtu mwenye nia njema hangoji watu wawe kanisani.

Sijampigia.

Jumamosi, 26 Oktoba

Wageni wengi kuliko siku zote. Mji wote unaonekana sasa, na mbele zaidi hadi nyika za Konza. Nzilani alikuja nao, akanikumbatia pale pale juu ya jiwe. "Mum, hii place imeweza! Hii ni noma!" Nilifurahi, na sitadanganya kwamba sikufurahi. Walikaa kwenye visiki vya migunga wakala soseji.

Sijampigia.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua! Imepiga bati tangu alfajiri. Nimepanda maharage.

Ijumaa, 1 Novemba

Kimeu amerudi.

Hakupita kwangu kwanza. Alipanda moja kwa moja mlimani na chupa yake ya nta, akakuta visiki. Mimi nilikuwa huko na Wathome tukiangalia jinsi mvua ilivyochimba njia. Tulimwona akija kwa mbali. Alisimama, akatazama juu mahali ambapo matawi yalikuwa, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. Kimeu si mtu wa maneno mazuri. Ni mkali, anapenda kubishana juu ya mpira, anadai kila mtu anamwibia chenji. Lakini pale hakupiga kelele.

"Mlisema huku juu hakuguswi," akamwambia Wathome.

"Ni hii tu, Kimeu. Kamati ilikaa. Mizinga ilikuwa mitupu."

"Mitupu? Oktoba mzinga gani iko na nyuki? Hata nyumba yako iko tupu ukienda shamba." Akageuka huku na huku. "Iko wapi sasa? Nipeni mizinga yangu nitafute mti mwingine. Miti inachanua hii wiki."

Wathome akasema wakataji waliiacha hapo chini ya jiwe, ndivyo Zubair alivyomwambia. Tukatazama chini ya jiwe. Nami nikatazama, Mungu wangu, niliinama kabisa nikatazama, kana kwamba ningeweza kuiona.

"Mama Nzilani," Kimeu akaniuliza, "wewe uliona?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi. Maneno yalikuwa mepesi: iko kwangu, shemeji, niliihifadhi. Lakini ningesema hivyo mbele ya Wathome, angeuliza mbona nilimwambia Zubair kwamba mwenyewe ana habari, na Kimeu angeuliza mbona sikumpigia simu mwezi mzima. Nikasema, "Mimi nilikuta hakuna kitu."

Kimeu akakaa kwenye kisiki. "Basi imeibwa," akasema. "Nani alikuwa huku na msumeno?"

Hakuna aliyetaja jina. Haikuhitajika.

Jumamosi, 2 Novemba

Kwetu mzinga wa mtu haushikwi. Mtu anaweza kukuibia kuku ukamcheka, lakini aliyeiba mzinga watoto wake hutajwa nao hadi wakioa. Nalijua hili tangu nikiwa mdogo, baba alinifundisha kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana siwezi kujidanganya kwamba nimemsingizia Musili jambo dogo.

Jumapili, 3 Novemba

Jumuiya ilikutana nyumbani kwa Kalekye, mwanajumuiya mwenzetu. Mwelu alikaa kando yangu kama kawaida. Wengine walisogea mbali naye kidogo. Tulipofika kwenye maombi ya kila mtu, aliomba kwa sauti ndogo, "Tumwombee mume wangu, Zubair amemwambia asirudi kazi mpaka aelewane na mwenye mizinga." Tukajibu wote, Ee Bwana utusikie. Mimi nilijibu kwa sauti kuliko wote.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Nyuki mmoja kwenye dirisha la stoo. Alizunguka zunguka pale penye ufa, akaondoka.

Ijumaa, 8 Novemba

Wawili.

Jumamosi, 9 Novemba

Wageni walipanda kwenye matope. Njia imekuwa mfereji kuanzia pale migunga ilipokuwa, kwa sababu hakuna tena mizizi ya kushika udongo. Mama mmoja aliteleza akaumia kiwiko. Miche ya sikukuu imesombwa karibu yote. Niliwaambia ni mvua kubwa ya mwaka huu, na hiyo pia ni kweli, kama zilivyo kweli zangu zote.

Jumanne, 12 Novemba

Sasa wanakuja kumi, kumi na tano, mchana kutwa. Hawa ni wa kutafuta nyumba. Huja wachache kwanza, hukagua, hupima, hurudi kuwaambia wenzao. Wananusa nta ya Kimeu. Nimeziba ufa kwa gunia. Wakapata mwingine juu ya mlango. Nilitembea hadi dukani kununua dawa ya kupulizia wadudu, nikalishika kopo mkononi, nikalirudisha na kununua sukari.

Jirani amepita akauliza, "Mama Nzilani, kwani umeweka asali?" Nikasema ni sukari imemwagika.

Ijumaa, 15 Novemba

Leo wazee walikaa kwa Wathome kwa ajili ya mizinga. Niliitwa kuandika.

Musili alisimama na kofia mkononi. Alisema tena yale yale: waliishusha kwa kamba, wakaiweka chini ya jiwe, wakaondoka. Wazee walimwuliza tena. Akasema tena. Wathome akasema, kwa upole kabisa, kwamba hakuna anayetaka kumpeleka mtu polisi. Mtu akikubali kosa, anatoa mbuzi, wanakula, yanaisha, na Zubair amesema yakiisha atamrudisha kazini. Musili akageuka kumtazama mkewe. Mwelu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni, mjamzito wa mwingine.

"Sawa," akasema Musili. "Andikeni ni mimi."

"Uliipeleka wapi?"

"Niliichoma kama kuni."

Kimeu akafumba macho. Nafikiri hilo la kuni lilimuuma kuliko wizi wenyewe. Kisha akanyoosha mkono, wakapeana.

Nilikuwa na kalamu mkononi. Niliona vizuri kabisa kinachotendeka: mtu anajitwisha uchafu wangu ili watoto wake wale. Nilifungua mdomo. Wathome akasema, "Katibu, umeandika?" Nikasema, "Nimeandika."

Mbuzi aliletwa jioni hiyo hiyo, dume jeupe. Akachinjwa. Nilipewa kipande cha mbavu kwa heshima ya kazi ya ukatibu. Nilikila. Sikuwa na njaa na nilikila chote.

Jumatatu, 18 Novemba

Wamekuja.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka baada ya mvua. Nilikuwa napalilia nikasikia mlio, nikadhani ni gari. Nilipoinua macho, juu ya boma langu palikuwa na wingu linalozunguka, na lote likashuka kwenye paa la stoo, likaingia juu ya mlango. Nilisimama na jembe. Yote yaliisha upesi. Nikasogea, nikasikia ukuta unanguruma.

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa na nikalia kama mtoto. Nililia kwa aibu, na pia kwa sababu ni kitu kizuri sana, na sikukistahili. Kisha nikampigia Kimeu. Nikasema, "Shemeji, njoo. Nyuki wako wako kwangu."

Alikuja mbio, na umri wake. Nilimfungulia mlango wa stoo. Aliingia bila kofia, akasogeza magunia, akaweka sikio kwenye mzinga wa kwanza, halafu wa pili. Akatabasamu. Alifurahi kwanza, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alifurahi kama mtu aliyepata mtoto aliyepotea sokoni, kabla hajauliza nani alikuwa naye.

"Wameingia miwili," akasema. "Wa tatu bado." Kisha uso ukabadilika. Akatazama magunia, vumbi, utando wa buibui kati ya mzinga na ukuta. Mtu anayejua mizinga anajua imekaa mahali kwa muda gani.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua. Mimi ndiye niliyeibeba. Mimi ndiye niliyepaka rangi. Mimi ndiye niliyesema ni mitupu."

Alitoka nje, akakaa pale kwenye kinu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Nimekula mbuzi ya mtu," akasema. Akarudia kwa Kikamba, polepole, kana kwamba hakuamini. Kisha akainuka akaenda nyumbani.

Jumanne, 19 Novemba

Kimeu amempeleka Musili mbuzi wake mwenyewe, jike lenye mimba, na kumwomba msamaha. Nilikwenda naye. Nilimweleza Musili kila kitu, nimesimama, mbele ya mkewe. Musili alisikiliza. Mwelu hakunikaribisha kukaa, na hiyo ilikuwa haki.

"Mimi nilijua sikuiba," akasema Musili. "Hiyo haikuwa habari kwangu."

Nikasema Jumapili nitatangaza mbele ya wote. Akasema, "Sawa, Mama Nzilani. Jaribu."

Mizinga itabaki stoo kwangu. Nyuki wakishaanza kujenga, Kimeu hawahamishi hadi arine asali. Na hata akitaka, juu mlimani hakuna mti wa kuirudishia.

Jumapili, 24 Novemba

Baada ya misa, chama kilikutana nje ya kanisa, na jumuiya yetu ikabaki. Nikaomba kusema. Nikasema hivi, nakumbuka kila neno: "Mizinga ya Kimeu haikuibwa na Musili. Niliichukua mimi. Iko stoo kwangu. Nilidanganya, na Musili amekubali kosa lisilo lake."

Kisha nikaona nyuso zao zikilainika, moja baada ya nyingine, na sikuelewa.

Kalekye alianza kulia. "Mnaona moyo huu?" akasema. "Anajitoa kwa ajili ya jirani!"

"Hapana," nikasema, "ni kweli. Njooni muone mizinga."

"Tumesikia iko kwako," akasema Wathome. "Mtu akiona haya anarudisha kitu palipo na mtu mwema. Hatutauliza Musili aliirudisha siku gani, wala kwa nini alisema aliichoma. Na Kimeu naye amerudisha mbuzi. Hii ndiyo jamii tunataka."

Kimeu akasimama, akapaza sauti kwa hasira yake yote kwamba mimi nasema kweli, kwamba mizinga ilikuwa na buibui, kwamba yeye ni mjinga na wao ni wajinga zaidi. Wakacheka kwa upendo. Wanamjua Kimeu, hubisha kila kitu.

Walinipigia makofi. Nilisema tena, kwa sauti zaidi, na makofi yakaongezeka. Mwelu alimfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Jumatano, 27 Novemba

Nimeanza kwenda nyumba kwa nyumba. Katika kila nyumba wananipa chai.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimemwambia Nzilani kwa simu kwamba sipandishi tena wageni kwenye jiwe, njia ifungwe mpaka miti ipandwe na ishike. Nilimwambia na sababu yote. Kisha akasema, "Mum, lakini wewe si ulitaka tu kusaidia mimi?" Nikamwambia asinisaidie kutafuta udhuru, ninao wa kutosha.

Jumatatu, 2 Desemba

Nilikwenda kwa Zubair kiwandani kumwomba amrudishe Musili, maana hadi leo hajamwita kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akazima mashine ili anisikie. "Bi Kavutha, mimi nakuamini," akasema. "Ulinidanganya na mimi, nakumbuka. Lakini wateja wangu wamesikia kutoka kwa mdomo wa Musili mwenyewe. Mtu akisema mimi ndiye, nitawaambia nini?"

Jumanne, 3 Desemba

Chama kimenichagua mweka hazina. Kwa kauli moja. Nilikataa, wakasema unyenyekevu.

Ijumaa, 6 Desemba

Asubuhi nilimwona Musili akishuka njiani na begi. Msimu wa maembe umeanza Matuu, amepata kazi ya kupakia malori. Mwelu na watoto watabaki. Nilimkimbilia, nikamwambia nitaendelea kusema, nitasema kanisani tena Jumapili, nitasema sokoni, mpaka mtu mmoja aamini.

Alitua begi chini. Hakuwa na hasira, na ningependelea hasira.

"Mama Nzilani, tafadhali wacha," akasema. "Kila ukisema, wanakupenda zaidi."